Mwalimu Mgeni na Mtihani wa Mwisho Katika Shule za Kakamega

Katika nchi ya Kakamega si ajabu kumwona mwalimu aliyetoka ng'ambo amesimama mbele ya ubao, mikono yake myeupe kwa vumbi la chaki. Wazee wa kale wa Kaimosi waliwapokea Wamarekani wa dhehebu la Marafiki mwaka wa 1902. Watu wa Butere walimpata Bibi Jane Chadwick, aliyefungua shule ya wasichana mwaka wa 1916 katika misheni aliyoianzisha kaka yake, Padre Walter Chadwick. Kakamega penyewe Serikali ilifungua shule yake ya Waafrika mwaka wa 1932, siku zile ambapo Wazungu walikuwa wakimiminika huko kutafuta dhahabu. Baadaye, katika miaka ya 1960, wakaja vijana wengi wa Uingereza na Marekani kwa mikataba ya miaka miwili, na baadhi yao wakapelekwa katika shule zisizokuwa na umeme wala maji ya bomba.

Habari za kufika kwao zimekwisha kuandikwa mara nyingi: jinsi walivyokula obusuma kwa mara ya kwanza, na jinsi watoto walivyowafuata njiani wakizistaajabia nywele zao. Hatutazirudia. Tunataka kueleza miezi ya mwisho ya mwaka wa shule, yaani Oktoba na Novemba, wakati wa mtihani wa mwisho na wa kuagana na wanafunzi. Msomaji aliyepata kumpeleka mtoto sekondari ajua ya kuwa katika miezi hiyo ndipo karo ya miaka minne hupimwa. Kwa mwalimu mgeni pia ndiyo miezi migumu kuliko mingine yote, ijapokuwa kazi ya kufundisha wakati huo huwa imekwisha. Ugumu wake ni kwamba hana amri tena juu ya darasa lake.

KARATASI ILIYOTOKA MBALI

Yatupasa kwanza tueleze tofauti ya desturi. Katika shule za sekondari za Marekani mwalimu mwenyewe ndiye atungaye mtihani wa darasa lake, ndiye ausahihishaye, na alama azitoazo mwaka mzima ndizo humwezesha kijana kumaliza shule. Mwanafunzi aliyefanya kazi yake kwa bidii hana hofu kubwa ya siku moja. Sasa mchukue mwalimu wa namna hiyo, umweke Kakamega mwaka wa 1962. Anakuta kwamba mtihani utakaoamua maisha ya wanafunzi wake umetoka Uingereza, katika baraza la mitihani la Chuo Kikuu cha Cambridge, na walioutunga hawakupata kumwona hata mmoja wa vijana hao. Karatasi zimekuja zimefungwa katika bahasha zenye muhuri. Yeye haruhusiwi kuzifungua hata dakika moja kabla ya saa iliyowekwa. Zikisha kuandikwa hufungwa tena na kurudishwa Uingereza, na huko husahihishwa na mtu ambaye kwake Shivachi au Nekesa hana uso wala ukoo, ana nambari ya mtahiniwa tu.

Mfano ulio wazi kabisa wa jambo hili ni Chavakali, penye njia itokayo Kisumu kwenda Kakamega. Leo Chavakali iko katika Kaunti ya Vihiga, lakini mpaka mwaka wa 1990 nchi yote ile ya Maragoli ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Kakamega. Mwaka wa 1959 Marafiki walifungua hapo shule ya sekondari ya kutwa, jambo lililokuwa geni sana, kwa kuwa sekondari za Waafrika wakati ule kwa kawaida zilikuwa za bweni, na nafasi zake zilikuwa chache mno. Kijana wa kutwa alilala kwao na kula kwao, na kwa hiyo gharama ikawa nafuu kwa mzazi. Chuo cha Earlham, kilichoko Richmond katika jimbo la Indiana, nacho ni chuo cha Marafiki, kikasaidia kuleta walimu. Basi Wamarekani hao, ambao kwao mtihani wa Cambridge haukuwapo, walitakiwa kuwaandaa vijana wa Kilogooli kwa mtihani wa Waingereza.

Fikiri, msomaji, juu ya mambo madogo tu. Mmarekani huandika tarehe akianza na mwezi. Maneno mengi ambayo Mwingereza huyaandika kwa herufi moja zaidi, yeye huyapunguza. Ilimbidi aangalie mkono wake ubaoni kila siku asije akawafundisha vijana kuandika kosa. Historia aliyoisoma utotoni ilikuwa ya Washington na Lincoln, na karatasi ya Cambridge haikumuuliza mtahiniwa sana habari za mabwana hao. Kwa ajili ya hayo hakuwa na budi kujifunza usiku, kwa mwanga wa kandili, yale aliyokusudia kufundisha asubuhi, sawasawa na mwanafunzi wake. Twathubutu kusema kwamba darasa halikupata hasara kwa jambo hilo. Mwalimu aliyekutana na kitabu juzi hukumbuka vizuri ni ukurasa upi uliomtatiza, na yule aliyekifundisha miaka ishirini amekwisha kusahau kwamba kuna ukurasa wa kumtatiza mtu.

Palikuwa na jambo jingine Chavakali litakalowapendeza wakulima. Walimu wale waliona kwamba vijana wengi hawatapata kazi za ofisini, nao ni watoto wa nchi ambayo watu wake wamezidi ardhi yake. Wakaingiza kilimo na kazi za ufundi katika ratiba ya shule. Wazazi wengi katika Kenya hawakulipenda wazo la namna hiyo, maana hawakuuza ng'ombe ili kijana akafundishwe kushika jembe. Jembe lilikuwapo nyumbani, nyuma ya mlango. Lakini kilimo cha darasani ni cha vipimo na hesabu: udongo una nini, mbolea iwekwe kiasi gani, matumizi ni kiasi gani na mapato ni kiasi gani. Somo hilo likatoka Chavakali, likaenea katika sekondari nyingine za Kenya, hatimaye likawa somo la mtihani kama jiografia au kemia. Siku hizi maelfu ya watahiniwa huandika karatasi ya Kilimo kila mwaka, nao ni wachache wajuao kwamba mizizi yake iko Maragoli. Na hapo waweza kuiona nguvu ya mtihani. Somo lisilotahiniwa wanafunzi hulisinzilia. Waambie kwamba litatahiniwa, nao wataazima madaftari ya wenzao.

LUGHA ILIYOKUWA UFUNGUO

Sasa tumefika kwenye jambo kubwa. Cheti cha Cambridge cha siku zile hakikutolewa kwa somo moja moja. Ilimpasa mtahiniwa ashinde masomo kadhaa kwa pamoja, na Kiingereza kilikuwa cha lazima. Kijana aliyeshindwa karatasi ya Kiingereza alihesabiwa kuwa ameshindwa yote, hata kama hesabu na sayansi alizipata vizuri sana. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o, katika kitabu chake Decolonising the Mind kilichotoka mwaka wa 1986, ameandika kwamba hivyo ndivyo ilivyokuwa katika mtihani wa Waafrika wa shule za kati. Anamtaja mwenzake mmoja wa darasa la mwaka wa 1954 aliyepata alama za juu kabisa katika masomo yote isipokuwa Kiingereza. Mtihani wake wote ukahesabiwa umeanguka, na kijana yule akaenda kuwa utingo wa basi. Hayo yalitokea upande wa Kiambu, lakini sheria ilikuwa moja kwa Kenya nzima, wala hapana sababu ya kudhani kwamba mabasi ya Kakamega hayakuwa na utingo wa namna hiyo.

Ndiyo sababu mwalimu wa ng'ambo alikuwa na thamani ambayo pengine yeye mwenyewe hakuijua. Hata akiwa mwalimu wa kemia tu, wanafunzi walimsikiliza kama kitabu cha Kiingereza kinachotembea. Walimsikiliza hata alipokuwa akiulizia bei ya ndizi sokoni. Lakini kila mgeni alikuja na Kiingereza chake. Mapadre wa Mill Hill waliofanya kazi upande wa Mumias wengi wao walikuwa Waholanzi, na Kiingereza kwao nao kilikuwa lugha ya kujifunza. Mskoti alitamka hivi, Mwairishi vile, Mmarekani akayapitisha maneno puani. Kijana aliyebadilishiwa mwalimu mara tatu katika miaka minne alikuwa amesikia Viingereza vitatu, na mtihani ulimtaka aandike cha nne.

Na mwanafunzi mwenyewe je? Nyumbani alisema Luluhya, na Luluhya lenyewe si moja: Mwisukha ana Lwisukha lake, Mwidakho Lwidakho, Mwanga Oluwanga, Mulogooli Lulogooli. Mjini Kakamega, kwa askari na kwa Wahindi wenye maduka, alitumia Kiswahili. Darasani alitakiwa kuacha vyote viwili mlangoni. Katika shule nyingi za Kenya palikuwa na kipande cha mbao au cha bati ambacho aliyesikika akisema lugha ya kwao alivishwa shingoni, akabaki nacho mpaka amnase mwenzake. Jioni waliokuwa wamekibeba wakaadhibiwa. Katika shule ya bweni kipande cha namna hiyo kiliweza kutawala mchana na usiku. Shule ya kutwa haikuweza kukipitisha langoni. Saa kumi jioni kijana wa kutwa alikuwa njiani kwenda kumsaidia mama yake kuteka maji, na lugha ya kazi hiyo haikuwa Kiingereza.

Mwalimu aliyekuja kutoka nchi ya lugha moja hakulielewa jambo hili upesi. Aliona kijana mwerevu, mwenye kujibu vizuri akiulizwa kwa mdomo na kupewa nafasi ya kufikiri, akianguka katika majaribio ya kuandika. Wako wanafunzi waliolijua jawabu lakini hawakulijua swali.

SIKU ZENYEWE ZA MTIHANI

Siku za mtihani madawati hutolewa madarasani na kupangwa katika ukumbi au bwalo la chakula, yakiachana hatua kadhaa. Kuta zimebanduliwa ramani na michoro. Mwalimu mgeni, kama ni msimamizi, hutembea taratibu kati ya safu, naye amekwisha kuonywa kwamba asimweleze mtahiniwa neno lolote la swali. Anapita nyuma ya kijana anayemfahamu. Anatupa jicho, anaona kwamba kijana huyo ameanza kuandika kurasa mbili za maneno mazuri kabisa juu ya jambo ambalo hakuulizwa, kwa sababu ya neno moja la Kiingereza alilolifahamu vingine. Shuleni kwao mwalimu angeinama na kulieleza neno hilo kwa sauti ya chini, na hapana ambaye angemlaumu. Hapa akiinama tu amekiuka sheria, na huenda akawaharibia watahiniwa wote. Anapita.

Mvua ya Kakamega, kama wajuavyo wenyeji, hupenda kunyesha alasiri. Mawingu hukusanyika toka upande wa msitu, na kabla ya saa tisa mabati hupigwa kwa nguvu hata mtu asiweze kumsikia aliye karibu naye. Mara nyingine huwa ni mvua ya mawe. Ukumbi huwa giza. Mahali pasipo na umeme msimamizi huwasha taa ya karabai, naye hutazama saa yake, maana muda wa karatasi haungojei mvua kupita.

KUAGANA PASIPO MAHAFALI

Mgeni kutoka Marekani hungoja jambo lingine ambalo haji kuliona. Kwao mwisho wa sekondari una siku yake. Vijana huvaa majoho na kofia bapa, wazazi huketi katika viti, hotuba husomwa, jina la kila mmoja huitwa, naye hupanda jukwaani na kupewa hati mkononi. Kabla ya siku hiyo yeye ni mwanafunzi, baada yake si mwanafunzi tena. Kakamega hapakuwa na siku ya namna hiyo, na sababu yake ni nyepesi. Hati yenyewe haikuwapo, wala hapakuwa na mtu ajuaye ni nani ataipata. Karatasi ya mwisho ikisha kukusanywa, wa bweni walifunga magodoro kwa kamba, wakabeba masanduku yao ya bati hadi kituo cha basi. Katika shule ya kutwa hata kuondoka pamoja kulikuwa shida, kwa kuwa aliyemaliza masomo yake siku ya Jumanne hakuwa na sababu ya kurudi Jumatano. Darasa lililokaa pamoja miaka minne liliyeyuka tu.

Kitu kilicho karibu na mahafali katika nchi yetu ni siku ya sala. Shule nyingi, zaidi zile zenye asili ya misheni, huwaombea watahiniwa kabla ya mtihani. Wazazi huja na chakula, wahubiri huhubiri, na kalamu na rula za watahiniwa huinuliwa ili zibarikiwe. Wageni wengine wamelicheka jambo hili la kubariki rula. Sisi twaona kuwa lina busara ambayo sherehe ya majoho haina: siku ile wote ni sawa, wa kwanza darasani na wa mwisho, kwa sababu hukumu bado. Mzazi wa yule atakayeanguka hupata kula pilau na kumshika mwanawe mkono mbele ya watu bila aibu. Mwaka wa 2016, Waziri wa Elimu wa wakati ule, Dkt. Fred Matiang'i, alipopiga vita wizi wa mitihani, ziara na hafla za shuleni zilipigwa marufuku katika muhula wa tatu, na siku ya sala ikabidi irudishwe nyuma katika muhula wa pili. Wizi wa mitihani ulikuwa umefikia mahali pabaya, na jambo la kuuzuia lilikuwa halali. Hata hivyo watahiniwa walipotewa na siku iliyokuwa karibu na mtihani wao.

Majibu ya Cambridge yalifika mwaka mpya umekwisha kuanza. Mwalimu ambaye mkataba wake uliisha Desemba alikuwa amekwisha kurudi Ohio au Leeds. Alifundisha miaka miwili, akawaandaa, akasimamia, akaondoka asijue kitu. Kama mwalimu mkuu alikuwa mtu wa kukumbuka, alimwandikia barua yenye orodha ya majina: fulani daraja la kwanza, fulani la pili, fulani la tatu, na wale ambao jina lao halikufuatwa na daraja lolote. Kama hakuwa mtu wa kukumbuka, basi.

Tofauti na hao ni Bwana Edward Carey Francis. Huyu aliacha kazi ya kufundisha hisabati katika Chuo Kikuu cha Cambridge, akaja Maseno mwaka wa 1928, shule ambayo watoto wa Butere na Kakamega walikuwa wakipelekwa pamoja na Wajaluo. Mwaka wa 1940 alihamia Alliance kule Kikuyu, akaiongoza mpaka 1962, kisha akaenda kufundisha Pumwani mjini Nairobi, na hakurudi kwao kupumzika. Alifariki mwaka wa 1966 akiwa bado mwalimu. Alikuwa mkali, na wako waliomchukia kwa ukali wake na kwa maoni yake ya kisiasa. Lakini kila mwaka alikuwapo majibu yalipofunguliwa. Wale walioshindwa walijua mlango wa ofisi yake uliko, wakaenda, na huko walimkuta mtu wa kumtazama machoni.

KISWAHILI CHAPANDA CHEO

Baada ya uhuru mitihani ilianza kurudi nyumbani kidogo kidogo. Tume ya Profesa Ominde ya mwaka wa 1964 ilishikilia Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia, ila ikataka Kiswahili kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi. Mwaka wa 1967 likaundwa Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki. Jumuiya ilipovunjika, Kenya ikaunda baraza lake yenyewe mwaka wa 1980. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka wa 1985 Kiswahili kikawa somo la lazima na la kutahiniwa, na mtihani wa kwanza wa KCSE ukafanywa mwaka wa 1989.

Mabadiliko haya yalimgeuzia mwalimu mgeni meza. Vijana wa Peace Corps, walioanza kuja Kenya mwishoni mwa mwaka wa 1964 na ambao wengi wao walifundisha katika shule za Harambee zilizojengwa kwa michango ya wakulima, walifundishwa Kiswahili kabla ya kupelekwa vijijini. Kilikuwa Kiswahili safi cha vitabu, chenye kumsalimu mzee kwa shikamoo, nao wakafika mahali ambapo salamu ni mulembe na wakaitikiwa kwa kicheko cha upole. Hata hivyo, hesabu na sayansi walizifundisha, na Kiingereza kilikuwa chao. Lakini tangu Kiswahili kilipopewa karatasi tatu, Insha, Lugha na Fasihi, sawasawa na Kiingereza, mgeni alijikuta ameketi katika chumba cha walimu asiweze kusahihisha hata ukurasa mmoja wa rundo lililo mbele ya jirani yake. Mwanafunzi aliyemwogopa kwa miaka miwili akamwona akikosea ngeli.

Watu wa Magharibi nao wakaanza kuivuka bahari kwenda kufundisha lugha hiyo. Marehemu Ken Walibora, mzaliwa wa Bungoma, aliandika riwaya ya Siku Njema, iliyotoka mwaka wa 1996 na kutahiniwa katika shule zetu za sekondari. Yeye mwenyewe akaenda Marekani kusoma, kisha akafundisha katika Chuo Kikuu cha Wisconsin mjini Madison. Wengine hawakwenda mbali hivyo. Serikali ya Rwanda ilipoamua mwezi wa Oktoba 2008 kuacha kufundisha kwa Kifaransa na kushika Kiingereza, walimu wa Kenya na wa Uganda walipata kazi huko. Mkenya wa namna hiyo, ambaye pengine alifundishwa Kiingereza na mtu wa Peace Corps, sasa ndiye aliyekuwa mgeni: akisimama mbele ya vijana wenye Kinyarwanda nyumbani na Kifaransa daftarini, wakikabili mtihani katika lugha ya tatu. Hakuhitaji kuelezwa shida yao. Aliwahi kuketi kwenye dawati lile.

Jambo ambalo kijana wa mwaka wa 1954 asingeliota lilikuja mwaka wa 2023. Wizara ya Elimu ilibadili namna ya kupiga hesabu ya alama ya wastani ya KCSE. Hisabati imebaki lazima, lakini kwa upande wa lugha mtahiniwa huhesabiwa moja tu, Kiingereza au Kiswahili au Lugha ya Ishara ya Kenya, ile aliyoipata vizuri zaidi, kisha huongezwa masomo mengine matano aliyofanya vyema. Karatasi ya Kiingereza bado ipo, bado ni ngumu, na masomo karibu yote bado huulizwa kwa Kiingereza. Lakini peke yake haiwezi tena kumfanya mtu utingo. Wako walimu wasiopenda mabadiliko hayo, wasemao kwamba viwango vitashuka. Sisi twaona kwamba kiwango cha kijana mwenye hesabu nzuri hakikuwa kimepanda siku zile alipoangushwa kwa lugha.

Mtihani wenyewe wa KCSE umepangwa kufanywa kwa mara ya mwisho mwaka wa 2027, kwa kuwa mtaala mpya umekuja na sekondari ya juu ya miaka mitatu. Karatasi za KCSE hutunzwa katika kontena la chuma kwenye makao makuu ya kaunti ndogo, na wakuu wa shule hufika alfajiri kuzichukua chini ya ulinzi wa polisi. Majibu yake huja kwa simu. Mzazi aliyeko shambani Malava huyapata kabla jembe halijapoa.

Cheti ndicho kinachokawia. Hicho hutumwa shuleni, na mwenyewe hukifuata huko. Wengi wamekikuta kimefungiwa kabatini kwa ajili ya karo iliyosalia, ijapokuwa Serikali imetoa amri zaidi ya mara moja kwamba mwanafunzi asizuiliwe cheti chake kwa sababu ya deni. Wengine huja baada ya mwaka mmoja au miaka mitano, wakati mwajiri ameulizia. Walimu waliomfundisha wamehamishwa, mgeni aliyemfundisha fizikia yuko kwao ng'ambo. Karani hufungua daftari kubwa, hutafuta mwaka, hushuka na kidole mpaka kwenye jina, humwomba kitambulisho, humwonyesha mahali pa kutia sahihi. Kisha humpa bahasha ya kahawia, na kumwambia aitunze isilowe mvua.